Pia ya Papa Ferdinand Iliyobaki Alunguli

Mama Emerance mjane wetu, watoto, wajukuu, baba paroko, ndugu zetu Waislamu mliovuka mto asubuhi hii kwa mitumbwi, majirani, wafanyakazi wa reli wa zamani na wa sasa, familia ya Lukali inawasalimu nyote, na inawashukuru kwa kuketi nasi katika matanga haya tangu Jumanne. Kabla ya kusoma historia ya mpendwa wetu, inafaa tujibu swali lililotembea chini ya turubai hili tangu jana, yaani kwa nini mtu aliyecheza pia zaidi ya miaka arobaini, akawachezesha wengine, amelazwa ndani ya sanduku mikono mitupu, bila pia yake, na wengine wenu mmekwisha kusema kwamba watoto wameipoteza, au wamemnyima kwa uchoyo. Pia haikupotea. Imekaa Alunguli, ng'ambo ya mto, tangu mwaka jana, na sababu ya kuwa huko mtaielewa mkisikiliza hadi mwisho, maana hatukuweza kuandika historia ya mtu huyu bila kuandika na ya pia yake.

Marehemu Ferdinand Amisi Lukali alizaliwa Kibombo tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Louis Lukali, mfanyakazi wa njia ya reli, na Mama Geneviève Salima, mkulima wa mpunga. Pia yake ya kwanza alichongewa na baba yake kwa mti wa mpera, ikatiwa ncha ya msumari uliookotwa kando ya reli, na kwa pia hiyo alijifunza kuifunga kamba, kukaza kiganja, kurusha na kunyamaza, kwa maana mzee Louis hakupenda mtoto anayepiga kelele kabla pia haijasimama. Mzee alipofariki, mwaka 1969, hakuacha nyumba wala ng'ombe, aliacha pia hiyo, na Ferdinand ndiye aliyeirithi.

Alianza shule ya msingi Kibombo mwezi wa Septemba 1957, masomo yakakatika mwaka 1964 kwa sababu ya maasi, familia ikakaa msituni miezi kadhaa, kisha akaendelea hapa Kindu katika shule ya ufundi kuanzia mwaka 1966, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1970, akiwa wa pili katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo wanakwaya wa parokia yetu wanaweza kulishuhudia bila kuapa. Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika atelié, yaani karakana, ya reli kama fundi wa mashine ya kukereza, akaifanya kazi hiyo miaka arobaini, hadi alipostaafu mwaka 2011, na hata mishahara ilipokawia miezi na miezi alikwenda kazini kila asubuhi, akisema kwamba mashine isiyoguswa inashika kutu na mtu vilevile.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa takatifu na Mama Emerance Safi, ambaye anasema hadi leo kwamba alimpenda kwa utulivu wake, na kwamba habari ya pia alifichwa hadi siku ya tatu baada ya harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Arsène aliyezaliwa mwaka 1976, Nathalie mwaka 1979 na Dieumerci mwaka 1984, kisha wajukuu tisa, wa kwanza wao akiwa Émilienne, binti wa Nathalie, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2001, wakati mbaya wa kuzaliwa katika mji huu.

Sasa tuje kwenye shindano. Mwaka 1982, saa ya chakula pale atelié, Bwana Abedi Abdallah wa Alunguli, mchonga makasia, alipita na mzigo wake begani, akaona pia iliyokerezwa na Ferdinand ikizunguka sakafuni, akacheka mbele ya wafanyakazi wote, akasema kitu kilichozaliwa na mashine hakina roho. Ferdinand akamjibu kwamba kisu hakijui katikati ya mti iko wapi. Kwa maneno hayo mawili wakaanza ugomvi ambao haujaisha hadi leo, na ili kuumaliza Ferdinand alifyeka uwanja nyuma ya maghala ya zamani, huku mtaani Kasuku, akachora duara kwa majivu, akaita watu wa ng'ambo zote mbili, akaandika sheria ndani ya daftari la shule, kwamba pia isizidi ngumi ya mwenye kuirusha, kwamba inayotoka ndani ya duara imezama, na inayobaki imesimama ndiyo iliyoshinda. Haidhuru nani alifika fainali siku hiyo, jioni ilifungwa na wao wawili, Ferdinand na pia yake ya mashine, Abedi na pia yake ya kisu, na Ferdinand akashinda.

Wale waliocheza pia utotoni wanajua kwamba desturi ya zamani ilimpa mshindi haki ya kuipasua pia ya aliyeshindwa kwa ncha ya pia yake. Ferdinand aliiokota pia ya Abedi, akaigeuza mkononi, akaona kazi ya kisu ilivyo safi, akashindwa kuipasua. Akatunga sheria palepale, kwamba mshindi anailinda pia ya mwenzake kama amana, na mwaka unaofuata anairudisha ndani ya duara, mbele ya watu, mkono kwa mkono na mwenyewe. Sheria hiyo imetupa furaha nyingi, na imetutesa, kama mtakavyosikia.

Tarehe 25 Julai 1998, katika shindano la kumi na saba, Ferdinand alishinda tena, akarudi nyumbani na pia ya Abedi mfukoni. Baada ya siku nane vita ikaanza, ikafika hapa kwetu, na mto uliokuwa njia ukawa mpaka, siku nyingine mitumbwi ikikatazwa kabisa, siku nyingine ikipigwa risasi, na habari za ng'ambo zikakatika, Ferdinand hajui kama Abedi yu hai, wala Abedi hajui habari za Ferdinand. Mwaka 2002 mji ulizingirwa, hakuna aliyethubutu kwenda shamba wala kuingia msituni kukata kuni, watu wakachoma viti, wakachoma vitanda. Mwezi wa Machi mjukuu Émilienne, mwenye mwaka mmoja, alikuwa na homa, unga kidogo ulipatikana, kuni hakuna. Ferdinand alitoa gunia la pia zake chini ya kitanda, pia thelathini na moja, zote amezikereza mwenyewe kwa miaka ishirini isipokuwa moja, akazitia jikoni moja moja, na ya mwisho kuingia ilikuwa ile ya mpera, ya baba yake, akaiweka kwa mkono wake mwenyewe, akasimama akiitazama hadi msumari ulipobaki peke yake ndani ya majivu.

Uji ulikuwa haujachemka. Mama Emerance akachukua pia iliyobaki, iliyofungwa kitambaa, akauliza na hii je, naye akamjibu, "Hii haiko yetu, ni ya Abedi, acha ikae." Kisha akang'oa mwimo wa mlango wa chumba chao, akaupasua, uji ukaiva. Mlango huo haukufungika tena hadi mwaka 2005, na Mama Emerance hajasahau.

Amani iliporudi na mitumbwi ikaanza kuvuka, tarehe 16 Juni 2003 Ferdinand alivaa shati la Jumapili siku ya Jumatatu, akavuka kwenda Alunguli, akamkuta Abedi mzima mbele ya nyumba yake, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe. Walikumbatiana, walilia bila kuoneana haya, walikula samaki. Kisha Ferdinand akatoa kitambaa, akakifungua, akanyoosha mkono, na Abedi akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo. "Mimi sipokei pia yangu ku mulango sawa vile barua," alisema. "Pia inarudishwa mu duara, mbele ya watu. Ile sheria njo yako, haiko yangu." Ferdinand akamweleza habari ya vita, ya njaa, ya uwanja uliojaa majani, ya watu waliotawanyika, hata habari ya pia ya baba yake, na Abedi akasikiliza yote kwa machozi, mikono ikabaki mgongoni. Marehemu alirudi na pia ile mfukoni, na mwenye mtumbwi alisema hajawahi kuvusha mtu mwenye hasira kama hiyo.

Hasira hiyo ndiyo iliyotupa shindano tena. Kwa wiki kumi alifyeka majani yaliyompita urefu, alipanda baiskeli parokia kwa parokia na msikiti kwa msikiti kutangaza siku, na kwa kuwa atelié haikuwa na umeme alifunga kamba kwenye mashine, Arsène na Nathalie wakavuta kwa zamu, akakereza pia mpya kwa miguu ya vitanda vilivyovunjika, akawagawia watu wasiokuwa nazo. Tarehe 30 Agosti 2003, uwanja ulijaa, watu wa ng'ambo mbili ambao hawakuonana miaka mitano wakatafutana kwa majina, dada akamkuta dada yake, waliodhaniwa wamekufa wakaonekana wanakula karanga, na ilichukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kukumbuka pia. Ndipo Ferdinand akaingia ndani ya duara, akamrudishia Abedi pia yake, mkono kwa mkono, akamwambia ameilinda. Abedi aliibusu, akaifunga kamba, na kwa pia hiyohiyo akamshinda Ferdinand papo hapo, akaondoka na pia mpya ya Ferdinand. Waliosema Ferdinand alijiachia ashindwe makusudi walikosea sana, maana alinuna siku tatu, na mtu aliyejiachia hanuni.

Tangu hapo shindano halijakatika, limefika thelathini na tisa, Ferdinand akimshinda Abedi mara ishirini na Abedi kumi na tisa, ingawa Abedi hakubali ile ya mwaka 1991. Tarehe 27 Julai 2024 Abedi alishinda, akavuka na pia ya Ferdinand.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo miguu ya marehemu ilianza kuvimba, moyo ukawa mdhaifu, na tarehe 12 Mei mwaka huu alilazwa hospitali. Hapo sisi watoto na ndugu tulifanya kosa, na tunaliungama mbele yenu. Tulidhani mgonjwa angefurahi kuishika pia yake, tukamtuma mtu Alunguli kuiomba. Abedi alimrudisha mtu wetu mikono mitupu, na kesho yake akaja mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita, pia imo ndani ya mfuko wa koti, akasimama miguuni pa kitanda, akaionyesha kwa mbali kisha akairudisha mfukoni. Ferdinand alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia. "Ukinipa sasa, njo kusema shindano imekwisha," alimwambia rafiki yake, kisha akamgeukia Arsène na kumgombeza kwa sauti ambayo hatukujua bado anayo.

Lakini baada ya kicheko hicho hakuwa na raha. Aliandika sheria mwenyewe, kwamba pia hupokelewa kwa mkono wa mwenyewe, na alijua kwamba mkono wake hautafika Julai, na kwamba pia isipopokelewa shindano haliwezi kufunguliwa. Kifo hakikumtisha kama kumwacha Abedi peke yake ndani ya duara na kitu asichojua pa kukiweka. Jumapili tarehe 1 Juni alimwita Abedi, akamwita Émilienne, akaomba daftari, na chini ya sheria ile ya mwaka 1982 akaongeza mstari mmoja, ambao tunausoma kama ulivyo: "Mkono niliofundisha kurusha ni mkono wangu." Abedi aliusoma mara mbili, akasema sheria ni sheria, akatia sahihi.

Mkono huo ni wa Émilienne, aliyekunywa uji ulioivishwa kwa pia thelathini na moja na mwimo wa mlango, akafundishwa na babu yake tangu ana miaka sita, na ambaye, tuseme ukweli, anarusha vizuri kuliko wote waliotajwa hapa. Marehemu alifariki kwa utulivu Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Mama Emerance akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, majirani waliotuletea maji, unga na viti, wenzake wa reli waliolitengeneza sanduku hili kwa mbao walizozichagua wenyewe, wenye mitumbwi waliovusha watu leo bila kuchoka, na zaidi ya wote Bwana Abedi Abdallah, anayeketi pale mbele na mkono ndani ya mfuko wa koti, tusimwombe autoe. Shindano la arobaini litafanyika Jumamosi tarehe 26 Julai, saa tisa alasiri, uwanja uleule, na kazi ya kwanza itakuwa kurudisha amana.

Papa Ferdinand, usiitafute pia yako huko uendako, iko mfukoni mwa rafiki yako, na mkono wako uko tayari kuipokea. Pumzika kwa amani.