Imani Sijaitandaza Mezani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao kati ya kinyozi na duka la vocha, na bila birika la Mama Birika, muuza kahawa, lingekuwa ubao tu. Basi wiki tatu nzima hapakukalika. Kila asubuhi alikuja mhubiri mmoja na kipaza sauti, akasimama mbele ya jiko la mama wa watu, aliyefiwa na mumewe juzijuzi, akautangazia mtaa kwamba marehemu yuko gizani na mjane naye atamfuata asipobadilika. Mteja akikerwa hunyanyuka akaenda zake. Mwenye jiko la moto aende wapi nalo? Mama Birika alikuwa ameshapata nafasi mtaa wa pili, ahamie Jumatatu. Leo asubuhi akaghairi. Aliinuka, akamwambia mhubiri maneno machache kwa sauti ya chini. Mhubiri akazima kipaza sauti, akasema, "Samahani, mama," akaondoka. Loo! Benchi likabaki midomo wazi.

— Mwanamke wa shoka huyu! alisema Kinyozi, mkasi mkononi, mteja kamwacha kichwa nusu.

— Ni ufundi tu, alisema Betri, mtengeneza redio. Mvuke wa kahawa umeingia kwenye kile kipaza sauti. Shoti!

— Shoti inasema samahani?

— Sheria, wanangu, sheria! Mstaafu, karani wa mahakama zamani, aliinua kidole. Kamtajia kifungu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Mzee, hiyo si ya kumkaribisha mgeni?

— Mgeni kaondoka, mwenyeji kapona. Tofauti iko wapi?

— Kifungu gani, bwana! Kinyozi alipunguza sauti. Mimi nakata nywele za watu wa dini zote, najua wanachoogopa. Kamnong'oneza ndoto aliyoota jana. Mama huyu anaona! Hamjashangaa haonji kahawa, na sukari haijawahi kuzidi wala kupungua?

— Anaona kweli, alisema Betri, shoti yake kaisahau. Mimi kuanzia leo nikija hapa siwazi kitu.

— Kwani ulikuwa unawaza?

Mama Birika alisuuza vikombe huku akicheka kimoyomoyo. Usiku alichokuwa akiona ni dari tu. Na alichomwambia yule mtu kilikuwa hiki: "Kaka yangu, ninachouza ndicho nilichotandaza hapa mezani. Imani yangu sijaitandaza, na mume wangu simjadili na mtu mwenye kipaza sauti. Sitaki. Kahawa ukitaka, karibu." Alijisikia fahari, mara ya kwanza tangu azike.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mwenye mkoba, mgeni pale, akisubiri duka la vocha lifunguliwe.

— Shikamooni. Samahani, mnasema alikuja wiki tatu?

— Marahaba. Wiki tatu kamili! alisema Mstaafu. Sisi ni mashahidi.

— Na mlikuwa hapahapa?

— Hapahapa! Benchi hilihili! alidakia Kinyozi. Hakuna siku tuliyokosa.

— Sasa alipokuwa anamsema mama hivyo, nyinyi mlimwambia nini?

Kinyozi akakumbuka kichwa cha mteja wake. Betri akaanza kufungua skrubu isiyo na tatizo lolote. Mstaafu alitafuta methali, akaikosa.

Mama Birika alimmiminia dada yule kikombe mpaka pomoni.

— Kunywa, mwanangu. Hiki nakukirimu. Na Jumatatu ukipita utanikuta hapahapa.

Mstaafu akasogeza kikombe chake, taratibu, bila kumtazama usoni.

— Imeisha, mzee wangu, alisema Mama Birika, akarudisha birika jikoni kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado zito.