Mwalimu Grasiana na Mawe Yaliyong'olewa

Baba Paroko, viongozi wa kijiji chetu cha Makuyuni, majirani, na ninyi nyote mliotoka Handeni na Korogwe mjini kuja kutushika mkono, familia ya Mzee Dominiko Mbawala inawashukuru, na inawaletea historia ya Mwalimu Grasiana Dominiko Mbawala, itakayosomwa na mdogo wake, Benedicto. Kabla ya kuanza, familia inaomba asiondoke mtu mpaka mwisho, hata kama jua ni kali na wali umeshaanza kunukia huko nyuma, kwa sababu marehemu aliagiza isomwe yote bila kuruka, akasema kuna mtu amekaa msibani hapa ambaye kwa zaidi ya miaka mitatu amebeba jina baya lisilo lake, na jina hilo leo litamtoka.

Kuzaliwa. Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge, nje kidogo ya Korogwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Dominiko, aliyetoka Songea mwaka 1949 kwa mkataba wa miaka miwili akaishia kukaa arobaini, na mama yetu Agnesta. Mdogo wake Benedicto alizaliwa mwaka 1961, na hao wawili ndio waliokua. Jioni baba alipenda kuwasimulia habari alizozisikia kwa wazee aliowakuta kambini, kwamba bwana shamba Mjerumani, vita ilipokaribia, alifukia sanduku kando ya jiwe lenye alama barabarani, na atakayelipata hatakata mkonge tena maisha yake yote. Benedicto alisikiliza mdomo wazi mpaka usingizi ukamchukua, lakini Grasiana aliuliza ni nani aliyeliona sanduku hilo likifukiwa, na kama aliliona, mbona hakurudi kulichukua, mpaka baba akamwambia kwamba binti mwenye maswali ya namna hiyo atakosa mchumba.

Elimu na kazi. Alisoma shule ya msingi ya kambini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mjini Tanga, akamaliza chuo cha ualimu mwaka 1977, akapangiwa Mpale mwaka 1978, akahamia Kerenge mwaka 1985, na kuanzia mwaka 1994 mpaka alipostaafu tarehe 9 Machi 2017 alifundisha hapahapa Makuyuni, hisabati na jiografia. Wengi wenu mlipita mikononi mwake, na mnajua kwamba hakumwamini mtu kwenye mtihani, kwamba alisimamia akiwa nyuma ya darasa ili msijue anamtazama nani, na kwamba aliwapa watoto wa kila safu swali linalofanana na la jirani isipokuwa tarakimu moja, kisha akasahihisha huku anatabasamu, maana jibu la safu ya tatu likionekana kwenye daftari la safu ya pili, hakuhitaji kuuliza chochote.

Ndoa na watoto. Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa na Bwana Ernest Mhina, mfanyakazi wa reli, baada ya kwenda yeye mwenyewe stesheni kuuliza kama kweli kijana huyo ameajiriwa pale au anavaa tu kofia ya watu. Walijaliwa watoto watatu, Edna, Janeth na wa mwisho tunayemwita Afisa, na wajukuu saba, na shemeji yetu Ernest alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, akiwa hajawahi hata siku moja kushinda ubishi nyumbani kwake.

Mawe. Hapa marehemu aliagiza tusiende haraka. Alipostaafu alikataa kukaa barazani kuchambua mchicha, na mwaka 2018, yeye na watu wengine wanne wakaanzisha kikundi cha Mawe Yetu, kazi yao ikiwa kutafuta mawe na vibao vya zamani kando ya barabara za Korogwe na Handeni, mawe ya maili, mawe ya mipaka ya mashamba ya mkonge, nguzo za njia ya reli, chochote chenye zaidi ya miaka hamsini, wakipiga picha, wakichukua namba za GPS kwa simu, na kuandika wanachokumbuka wazee wa jirani. Wenzake walikuwa Salimu Mdoe, mkulima wa Sindeni, Mwalimu Amne, mstaafu mwenzake wa Korogwe mjini, Sufiani, fundi simu wa Handeni aliyewafundisha kutumia ramani ya kwenye simu, na Benedicto. Kila mwaka kuanzia Julai hadi Novemba walishindana, jiwe tupu alama moja, jiwe lenye maandishi alama tatu, jiwe ambalo hakuna mwanakikundi aliyewahi kuliona alama tano, na namba zote zilitumwa kwenye kundi la simu ili wengine waende kuhakiki. Mshindi alikaa na birika la kikundi mwaka mzima, wa mwisho aliwapikia wenzake chai, na Benedicto alipika chai hiyo miaka yote mitatu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutiliwa shaka tangu mwanzo, na hatuwalaumu watu. Mzee akiinama kando ya shamba lako na simu mkononi, anasogea hatua mbili, anarudi moja, anaandika namba, utadhani nini kama si mtu wa mwekezaji? Kule Mpale waliwekwa ofisi ya kijiji kutwa nzima, na mwenyekiti, aliyekuwa mwanafunzi wa marehemu, alimwamkia vizuri kabisa kisha akamwambia, "Shikamoo mwalimu, lakini hapa hamtoki mpaka mseme mnampimia nani." Marehemu alirudi nyumbani amefurahi, akasema huyo kijana alimfundisha mwenyewe na kumbe alielewa.

Mwaka 2020 mawe yalianza kung'olewa. Jiwe likishatumwa kwenye kundi, baada ya wiki mbili au tatu anayekwenda kuhakiki anakuta shimo, jiwe limelazwa pembeni, udongo mwekundu umerundikwa. Yaling'olewa manne, kisha matano, na kila mtu alijua anayechimba anatafuta mali ya Mjerumani, na kwamba namba alizipata kwenye kundi la watu watano. Hapo chai ikaacha kuwa tamu. Amne aliacha kutuma namba mpaka dakika ya mwisho ya mashindano, Sufiani akawa anatazama kucha za wenzake kama zina udongo, na marehemu aliwatazama wote, kwa mtindo uleule wa nyuma ya darasa.

Mwezi Agosti mwaka 2021 liling'olewa jiwe la Kerenge, na kumbe lile lilikuwa kaburi. Mifupa ilionekana, ya mtoto, na wenyewe wapo, walikuja wakalia, wakazika upya. Kuanzia siku hiyo halikuwa tena suala la michezo ya wastaafu, watu walitaka jina, na jina walilolipata ni la Salimu Mdoe. Sababu zao zilikuwa hizi, kwamba Salimu alionekana barabarani na jembe, kana kwamba mkulima alitakiwa kutembea na kinanda, na kwamba mwaka huo aliezeka bati, ingawa Sindeni nzima iliona magunia mangapi ya ufuta yalitoka shambani kwake. Walimwita mchimba makaburi, kwanza kwa minong'ono, halafu kwa sauti.

Marehemu hakupenda kusikia jina bila ushahidi, akafanya alichozoea kufanya. Alikuwa amepata jiwe jipya karibu na Sindeni, hajamwonyesha mtu, na Jumamosi tarehe 11 Septemba 2021 alimpa kila mmoja wa wale wanne karatasi yenye namba za jiwe hilo, akimwambia asiwaonyeshe wengine mpaka siku ya kuhesabu alama. Zilikuwa namba tofauti, tarakimu moja tu ya mwisho mwisho imebadilishwa, kwa hiyo karatasi nne zilielekeza sehemu nne za pori lilelile, hatua hamsini hamsini kutoka moja hadi nyingine, na hakuna hata moja iliyokuwa na jiwe. Baada ya wiki mbili, tarehe 25 Septemba, alikwenda na binti yake Edna kuzikagua. Karatasi ya Salimu iliwapeleka kwenye nyasi zilizosimama, ya Amne kwenye nyasi, ya Sufiani kwenye nyasi na kichuguu. Ya nne iliwapeleka kwenye shimo la kufika kiunoni, la mtu aliyedhani jiwe limezama ardhini. Edna anasema mama yake aliangalia simu, akaangalia shimo, akaizima simu akaiwasha tena, kwa mara ya kwanza maishani anatamani kifaa kiwe kimekosea, kisha akasema, "Twende nyumbani, na hili hulijui."

Sasa yanakuja aliyotaka yasirukwe. Marehemu alijua, na hakusema. Aliandika kwenye kundi kwamba mashindano yamesimama kwa sababu zisizozuilika, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na jina moja kichwani, kila mtu akaelewa kwamba mwalimu amethibitisha. Salimu aliandika, "Ahsanteni, nimeelewa," akatoka kwenye kundi. Mwezi Novemba mwaka huohuo watu waliokuwa wameshaleta barua ya posa kwa binti yake Mwaija walikuja kuichukua, wakasema hawaoi nyumba ya mchimba makaburi, na Mwaija mpaka leo yuko kwa baba yake. Marehemu aliipata habari hiyo siku ya pili yake. Mwalimu aliyewahi kumrudisha mtoto wa ofisa nyumbani kwa jibu moja la kunakili, alilala na jibu sahihi chini ya mto, akanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa na damu yake.

Ugonjwa na kifo. Mwezi Mei mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye mkoani, akirudishwa nyumbani na kupelekwa tena. Kila Ijumaa baada ya swala Salimu alipanda gari kutoka Sindeni, akaja na chupa ya asali au mahindi mabichi, akamwuliza Edna hali ya mgonjwa, na kila Ijumaa mgonjwa alisema amelala. Hakuwa amelala. Salimu alikaa nje nusu saa, akaaga, akaenda zake, na waliomwona pale nje walisema si unaona, hata mgonjwa hataki kumwona, hivyo aibu ya marehemu ikawa inamwongezea mwenzake mzigo, naye akilijua hilo, na bado mdomo haukufunguka.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 alimwita Benedicto, akawatoa wengine chumbani isipokuwa Edna, akamwambia anajua kila kitu tangu siku ya shimo, tena akamtajia tarakimu aliyoibadilisha. Benedicto alilia. Yeye hakulia, alisema machozi wayapange baadaye, kuna kazi ya kuandika, na kwa jioni mbili alimwandikisha Edna sehemu hii ya mawe, akaamuru isomwe na Benedicto na si mtu mwingine, na Edna apewe nakala, ndiyo maana mnamwona pale mstari wa mbele anafuatisha kwa kidole. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, miezi kumi na moja na siku mbili.

Shukrani. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole ingawa alihesabu vidonge vyote mbele yao, Baba Paroko kwa sakramenti, wanajumuiya na majirani waliokesha nasi, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, Mwalimu Amne na Sufiani ambao nao wametazamwa vibaya bila kosa.

Mwisho familia inamshukuru Mzee Salimu Mdoe, aliyekaa pale nyuma karibu na geti, mahali anapokaa mtu ambaye hana uhakika kama anatakiwa. Mzee Salimu hakuchimba jiwe lolote. Mawe sita, pamoja na kaburi la Kerenge, na shimo lile la Sindeni, vilichimbwa na Benedicto Dominiko Mbawala, huyu anayesoma, kwa mikono yake, peke yake, kwa ujinga wa kuamini sanduku la baba mpaka uzeeni, na alipoiona mifupa ya mtoto wa watu alifukia haraka, nusunusu, akakimbia, na mwezi uliofuata akachukua jembe tena. Alisikia Salimu akiitwa jina lile sokoni, akaitikia kwa kichwa. Wenyewe wa Kerenge mpo, na Mwaija upo, na mtakalosema baada ya hapa Benedicto atalisikiliza akiwa amesimama.

Marehemu hakuacha neno la kuomba radhi, alisema anayeomba msamaha akiwa ndani ya jeneza anamlazimisha mtu, na Salimu ameshalazimishwa vya kutosha. Aliomba tu kwamba wakati wa kutia udongo, wakishamaliza watoto wake, nafasi ya mdogo wake apewe Mzee Salimu, akipenda, na asipopenda ibaki wazi, asiingie mtu. Benedicto atakuwa nyuma ya watu wote. Dada, mimi nimemaliza kusoma. Pumzika kwa amani.