Betri Iliyogeuzwa

Ndani ya basi la wapanda mlima, huko New Hampshire, Marekani, dereva Orrin alijifanya hasikii. Nyuma yake kijana aliisifu taa yake ya kichwani kama anayeiuza.

"Mama, hii inamulika mpaka bonde la pili!"

"Mwanga si hoja, mwanangu," mama mmoja asiyemjua, wa kiti cha pili, akajibu. "Ina kitufe cha kuifunga, isijiwashe begini?"

"Ya nini? Nageuza betri moja kinyume, haiwaki ng'o. Nikiihitaji, naigeuza tena."

Orrin akatabasamu; naye taa yake huifanyia vivyo hivyo.

"Mume wangu pia alifanya hivyo," mama akasema. " Tulimkuta kwenye theluji, glavu kazivua, vidole vimeganda. Betri bado imegeuzwa."

Tabasamu la Orrin likafa.

"Pole, mama. Lakini mimi nina vidole vyepesi."

"Basi igeuze sasa, vingali na joto."

Basi likasimama. Kijana akacheka kidogo, akashuka bila kuigeuza. Orrin akachelewa kufunga mlango, macho yakimfuata.