Roho ya Papa Antena

Kijiwe cha Maman Godelive, kule Kadutu chini ya ngazi za udongo, kina katiba yake: mwenye kahawa kikombeni ana haki ya kusema, mwenye kikombe kitupu anasikiliza. Tangu Papa Télesphore, mwalimu mstaafu, arudi kutoka hospitali na kamashine ka kuendesha moyo kifuani, wameongeza sheria: simu zote zilale ndani ya beseni, mbali naye. Yeye mwenyewe wamemkalisha peke yake kwenye ncha ya benchi. Wakamwita Papa Antena, jina alilolichekea siku ya kwanza tu.

Aliyeanzisha hofu hiyo ni Didier Soudure, fundi wa simu. Aliona video kwamba kamashine kama hako kanaongea na hospitali bila waya, kwa hiyo mwizi mjuzi naye anaweza kukasemesha.

— Hatari iko kidogo, alisema, lakini iko.

Lile "kidogo" likafia palepale. Parfait Redio, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, akadaka "iko" akakimbia nayo.

— Papa, uko ku misa, umetulia, bale bezi bako kule Kinshasa banakupandishia mapigo ya roho mbio.

— Kinshasa ni mbali, akasema Honoré Sénateur, ambaye hajawahi kuchaguliwa popote. Miye naogopa bakwe, ndugu za bibi yako. Bakipata code ya kamashine, kila kitu banasema utaitika. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje humo. Mawazo ya Parfait yalishafika Kamituga, ambako wachimbaji wenye vyombo vya kutafuta dhahabu wangemfuata mzee wakidhani amemeza kipande.

Télesphore alicheka nao, lakini mkono haukutoka kifuani. Aliogopa kwelikweli, na aliona aibu kuogopa. Tangu Jumapili alikuwa amechomoa kisanduku cha kando ya kitanda, kile kinachosoma kamashine na kumpelekea daktari habari, akakizika kwenye mfuko wa maharagi. Kesho ana miadi hospitalini, na alikuwa ameamua haendi. Akawaambia.

— Umefanya muzuri, Honoré akamsifu. Bazee balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Njo maana tunafunga mulango.

Wakati huo Maman Eulalie, mke wa Télesphore, alikuwa anashuka ngazi, kisanduku mkononi, vumbi la maharagi bado limekishika. Hajawahi kufika kijiweni hapo. Aliwasalimu mmoja mmoja bila haraka, kisha akaeleza kwamba daktari amempigia mume wake tangu asubuhi, simu haipokelewi, mwishowe akampigia yeye. Kisanduku kimenyamaza, daktari ana wasiwasi. Na kwenye miadi ya kesho hospitali inataka kuziba ule mwanya wa wezi aliousema Didier.

— Munamuchunga, ndugu zangu, aksanti. Miye nauliza tu: kama roho yake ingeanza kuchoka wiki hii, ni nani angejua?

Didier aliangalia beseni. Parfait alifungua kinywa, akaona kikombe chake ni kitupu. Honoré akanyoosha chake. Maman Godelive akapindua birika, halikutoa hata tone. Katiba ni katiba.

Aliyebaki na kahawa ni Télesphore peke yake. Hofu ilikuwa imemzuia kuinywa, ikapoa. Akainywa yote.

— Parfait, kesho asubuhi utanipeleka ku hospitali.

Parfait alisogea mpaka kwenye ncha ya benchi, akakaa naye bega kwa bega.