Ondoeni Mlango wa Hospitali

Benchi letu limeegemea ukuta wa kituo cha mafuta cha Kivijoki, upande usiopigwa na upepo. Kila asubuhi tunakaa hapo na vikombe vyetu mpaka birika liishe. Asubuhi hiyo ya Oktoba tulikuwa wanne: Urpo, tunayemwita Injinia, aliyeendesha lori la maziwa miaka thelathini na moja, Aulis, yaani Posta, ambaye amestaafu kugawa barua za watu lakini hajastaafu kujua yaliyomo, binamu yangu Voitto, asiye na jina la utani kwa kuwa hasemi vya kutosha kupewa, na mimi. Posta alikuwa na gazeti. Liliandika kwamba hospitali kuu ya mkoa, kilomita tisini kutoka hapa, inataka kupunguza muda ambao mgonjwa wa mshtuko wa moyo anasubiri kabla ya kuzibuliwa mshipa.

— Dakika sitini na nane, alisoma Posta. Wanataka ziwe thelathini.

— Sitini na nane! Injinia alifoka. Maziwa yangu yangeshakuwa mtindi.

— Yako yalikuwa mtindi hata ulipowahi.

— Nyamaza, we mzee. Wanahesabu kuanzia wapi?

— Kuanzia mgonjwa anapoingia mlangoni.

— Basi kazi imekwisha. Waondoe mlango.

Posta alizungusha birika. Voitto alifunika kikombe chake kwa kiganja. Katika miaka kumi na tisa ya benchi lile sikuwahi kumwona akikataa kahawa. Kulikuwa na baridi ya kuganda, naye alikuwa na jasho juu ya mdomo.

— Unaumwa, binamu? nilimuuliza.

— Si sana. Kifua kinabana tu. Nikifika nyumbani nitawasha jiko la sauna, nikae kwenye mvuke, utakilegeza.

Baba yake, baba yangu mdogo Kalervo, alisema hivyohivyo tarehe tisa Machi, mwaka 1974. Alioga kwanza. Akavaa shati safi asije akawaaibisha wauguzi. Tulimkuta amefia kwenye kifungo cha tatu. Nilitaka kumkumbusha Voitto hayo. Lakini kwetu mtu akishasema si sana, kumuuliza tena ni kumkosea adabu, na Voitto ananizidi miaka minne.

— Afadhali kabisa! alisema Injinia. Sasa tuna mfano. Voitto, tuseme wewe ndiye mgonjwa.

— Tuseme, alisema Voitto.

— Kosa lao ni maswali, Posta alieleza. Jina nani, umezaliwa lini, una mzio wa nini. Mimi ningempiga Voitto muhuri hapahapa, kwenye paji la uso: MOYO, HARAKA. Akifika anapitishwa kwenye tundu.

— Tundu gani?

— La kutumbukizia barua.

— Voitto hapiti kwenye tundu la barua.

— Kwa ubavu anapita.

— Wewe unafikiri kiposta-posta. Kinachotakiwa ni bomba. Kilomita tisini, chuma kisichoshika kutu. Unamtia Voitto huku, unafungua presha, anatokea kule kitandani.

— Akiwa hai?

— Hilo ni la madaktari. Mimi ni wa usafirishaji.

Voitto alikuwa anasugua mkono wa kushoto, taratibu, kama anayefuta vumbi.

— Hata bomba ni mbali, alisema Posta. Jioni wanaume wote wa nchi hii wako wapi? Saunani. Basi kila sauna iwekwe daktari mmoja, akae ngazi ya juu.

— Uchi?

— Sasa mle ndani avae koti?

— Na visu?

— Si vitakuwa vimeshachemka!

Injinia aliona amezidiwa, akainuka.

— Sikilizeni. Wazee wote tuhamie wodini tukiwa wazima. Atakayeugua, kuchelewa kwake ni sifuri.

— Tutakunywa kahawa gani?

— Ya hospitali.

— Bora nife, alisema Posta.

— Twende kwa vipimo basi. Voitto, simama, tembea mpaka mlango ule. Nakupimia muda.

Voitto alishika ukingo wa benchi, akainuka nusu, akarudi chini.

— Muda unaendelea, alisema Injinia, macho kwenye saa ya mkononi.

— Unaona? Posta alitikisa kichwa. Hospitali watawahi vipi, na wagonjwa wenyewe ndio hawa?

Mama mmoja, si wa hapa, alikuwa anajaza mafuta gari lenye tela la farasi. Alirudisha mpira wa pampu mahali pake, akaja moja kwa moja mbele ya Voitto.

— Mzee wangu, unaumwa?

— Sana, alisema Voitto.

Tuligeuka wote kumtazama.

— Mmeshapiga moja moja mbili, lije gari la wagonjwa? alituuliza yule mama.

— Tulikuwa bado kwenye suala la mlango, alisema Posta.

Yule mama alikuwa tayari na simu sikioni. Akataja kituo, akataja kifua, akasema uso umekuwa wa majivu. Kisha akainama.

— Wanauliza maumivu yameanza saa ngapi.

— Saa mbili kasoro robo, alisema Voitto bila kufumbua macho. Nikifunga buti.

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nne na dakika ishirini. Yule mama aliitazama, akatutazama mmoja mmoja. Hakupandisha sauti.

— Muda wa saa mbili na nusu na zaidi. Mlikuwa mnangoja nini?

Posta alikunja gazeti, akalikunja tena. Mimi niliushika mkono wa Voitto. Dakika kadhaa baadaye, kutoka upande wa kanisani king'ora cha gari la wagonjwa kilianza kusikika. Injinia aliivua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni.