Kikombe cha Maji Kwenye Dirisha la Mama

Akina mama, na wazee mliokuja kutusikiliza, kaeni tu, na makofi muyaweke kwanza. Mimi nilishapigiwa makofi mapema mara moja, na hiyo ndiyo habari niliyosimama kuwaambia. Mungu ni mwema, hilo silikatai. Lakini nitaanza na hasira, kwa sababu haijaisha yote.

Mnanijua. Nashona yunifomu hapa Gatitu, na wengi wenu watoto wenu nimewapima kiuno. Ile nyumba ya mawe niliyojenga nyuma ya duka sikuijenga kwa maringo. Niliijenga kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa akikaa kule Murang'a kwenye nyumba yake ya mbao, mbao zimeachana mpaka ukilala unaona kuku wakipita nje. Kila baridi ya Julai ikija, kifua chake ni hospitali. Daktari aliniambia wazi kwamba baridi nyingine kama ile hataiweza. Nikaapa kwamba Julai itakayofuata itamkuta kwangu, kwenye chumba kikavu.

Fundi wa madirisha nilimtoa kanisani. Jina lake silitaji, na nyinyi mnaomjua msigeuke kumtafuta. Alikuwa mtu wa benchi la pili, anaomba vizuri mpaka unalia. Na sisi huku mnajua tulivyo: mtu akiwa wa kanisa letu hatumuulizi anajua kazi, tunamuuliza anaanza lini. Nilipomwambia anionyeshe nyumba nyingine aliyofanya, akacheka. "Mama, si tunaomba pamoja? Ama huniamini?"

Nikaona aibu. Ndugu zangu, nawaambia, aibu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Mimi sikati kitambaa kabla ya kumpima mtu mara mbili. Halafu nikamwacha mtu aniwekee madirisha kwa sababu sauti yake ni nzuri kwa maombi!

Siku tatu kabla ya kuombea nyumba, mvua ikapiga. Nikakuta maji yakiteremka ukutani chini ya dirisha la chumba cha mama. Nikamwita fundi. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Hiyo ni kawaida. Nyumba mpya lazima itoe jasho. Itakauka tu."

Wageni walikuwa wamealikwa, mbuzi ameshafika, pasta ameshapanga siku. Sasa mimi nikafanya nini? Nikashona mapazia. Mazito, ya maua, mpaka sakafuni. Na mliyasifu! Wewe pale ulinishika mkono ukaniuliza kitambaa nimekitoa duka gani. Nyuma ya hayo maua ukuta ulikuwa umelowa kama tambara la deki.

Na kana kwamba hiyo haikutosha. Nikasimama mbele ya watu, nikamwita fundi, nikamfunika shuka mabegani kama huku tunavyomheshimu mtu, nikamvalisha kofia, nikasema Mungu amenipa fundi mwaminifu. Vigelegele vikapigwa. Makofi yakapigwa. Na mimi nikacheka na meno yote nje.

Mama akahamia. Mvua ya Aprili ikaja na upepo wake kutoka mlimani, na chumba kile kikawa mto. Tuliweka sufuria chini ya dirisha, tukaweka beseni, tukasogeza kitanda mpaka katikati ya chumba, na bado asubuhi blanketi unalikamua. Nikimpigia fundi simu, leo ananiambia hiyo ni mvua ya upande, kesho ananiambia ni mimi sifungi dirisha vizuri. Sifungi vizuri! Mimi nikishona shati likimbana mtoto, je, namwambia mzazi akamkondeshe mtoto?

Siku niliyomkalia ngumu akanijibu hivi: "Mama, wewe si ulinishukuru mbele ya watu? Si ulinifunika shuka? Kwani kazi mbaya hufunikwa shuka?"

Nilizima simu nikakaa kwenye cherehani bila kushona.

Mama akaanza kukohoa. Asubuhi moja nikamkuta amevaa koti, kiondo chake, kile kikapu cha kusuka, kimejaa nguo. Akaniambia, "Nirudishe kwangu. Hata kule kunavuja, lakini nimezoea pale panapovuja." Akina mama, mzazi wako akikwambia maneno kama hayo ndani ya nyumba uliyomjengea, utaweka wapi uso? Nilimbembeleza akavua koti, lakini kiondo hakukifungua. Kilikaa mlangoni wiki nzima, nikipita nakiona.

Hapo ndipo nilipoanguka. Niliacha kanisa, kwa sababu sikutaka kusikia ile sauti ikiomba. Niliacha kuja hapa kwenye kikundi chetu. Nilikata kola za darasa zima upande mmoja. Salamu yako sikuitikia, na wewe pia, mnisamehe. Halafu alasiri moja fundi akapita hapo nje na koti lake la Jumapili, akanisalimia kutoka ng'ambo ya ua, "Mama, habari ya nyumba?" Nilikuwa nimeshika beseni la maji yaliyotoka dirishani. Nikammwagia yote. Sijivunii. Lakini siwezi kudanganya mbele yenu: kwa kama dakika mbili nilijisikia vizuri sana.

Wiki hiyo hiyo wazee watatu wa kanisa wakaja, na fundi nyuma yao. Mnadhani walikuja kwa sababu ya madirisha? Walikuja kwa sababu ya beseni! Mama yangu analala kwenye maji mwezi mzima, hakuna mzee aliyevaa kofia aje. Fundi kulowa mara moja tu, kamati ikakaa.

Mkubwa wao akaniambia, "Dada, samehe. Mambo ya nyumba ni ya dunia hii."

Nikamwambia, "Mzee, nimeshasamehe. Lakini kusamehe kunaziba dirisha?"

Wakatazamana. Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka mlimani, na sisi tunaokaa hapa tunajua yakishuka hivyo maana yake ni nini. Nikawaambia kwa heshima kwamba chai tutanywea chumbani kwa mama, ndiko anakokaa, na yeye angependa kuwasalimia. Yule mkubwa nikampa kiti kizuri, chini ya dirisha.

Chai haijafika nusu kikombe, mvua ikaanza. Nikamwona mzee anajifuta shingo. Akajifuta tena. Akasema, "Dada, hii kiti inaweza kusogea kidogo?"

"Isogee wapi, mzee? Kitanda cha mama ndicho kimeshamaliza nafasi."

Fundi akaanza wimbo wake. "Wazee, hiyo ni jasho. Nyumba mpya—"

Mama alikuwa ameketi kitandani, akishona mkono wa kiondo. Akainuka na ile sindano yake kubwa, akaenda mpaka dirishani, akaichoma plasta pembeni mwa fremu. Sindano ikazama yote kama kwenye uji. Akaizungusha, akavuta. Ikatoka karatasi. Akavuta kwa vidole, ikatoka nyingine, ndefu, ya kahawia, inachuruzika maji. Ilikuwa karatasi ya mifuko ya simiti! Fremu zilikuwa zimechomelewa ndogo kuliko nafasi ya ukuta, pengo la vidole vitatu, na yeye alikuwa amelijaza karatasi na kupaka plasta nyembamba juu.

Mama akamwekea mzee ule mzigo mapajani, juu ya suruali ya suti. Akasema, "Mzee, niambie. Ni jasho gani iko na maandishi?"

Hakuna aliyecheka siku hiyo kama mnavyocheka sasa. Mzee akamgeukia fundi. "Ulikuwa unajua?"

Fundi akaangalia sakafu. "Fremu zilitoka ndogo. Nilijua mapazia yatafunika."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimlime, nikaufunga. Kwa sababu nani alishona hayo mapazia? Yeye alifunika kwa karatasi, mimi nikafunika kwa maua, na kati yetu sisi wawili tulikuwa tunamlaza mama yangu kwenye maji. Hasira haikuondoka, lakini kwa mara ya kwanza sehemu yake ilinirudia mwenyewe.

Wazee waliamua pale pale: fremu zote zitoke, na fundi asipime peke yake. Mmoja wenu hapa, mnyamavu, anajijua, akaniletea mama mmoja wa Sagana anayechomelea vyuma. Huyo mama hakuniuliza nasali wapi. Aliomba kikombe cha maji, akakimwaga kwenye ukingo wa chini wa dirisha, akatazama. Maji yakaingia ndani moja kwa moja kuelekea kitandani. Hata ukingo wenyewe ulikuwa umeinamishwa ndani! Akatikisa kichwa, akamwambia fundi, "Anza upya."

Akaanza upya. Kila dirisha likiisha, huyo mama anamwaga kikombe. Lile la mwisho, la mama yangu, fundi mwenyewe ndiye aliyeniomba maji. Akayamwaga. Yakatoka nje yote. Akaniambia, "Mama, nilikukosea." Sikumfunika shuka. Nilimwambia asante, na hiyo ilikuwa ya kweli. Nami nikaenda kanisani nikaomba msamaha kwa ajili ya beseni. Beseni tu.

Nawashukuru wale wazee, ambao walikubali kulowa. Namshukuru mama wa Sagana, na wewe uliyemleta. Nawashukuru nyinyi mlioendelea kunisalimia nilipokuwa siitikii. Na kwa sababu najua watatu kati yenu mnajenga sasa hivi, nawaomba: mtu wenu wa kanisa mpeni kazi, sawa, lakini kwanza mwone alichofanya kwingine. Mwageni maji dirishani kabla ya kushona pazia. Na asante iwe ya mwisho.

Julai imepita. Hospitali hatukuiona. Na wiki iliyopita, usiku ule mvua iliponyesha mpaka kukucha, hadi barabara ya huku chini ikakatika, mama alitoka asubuhi na kikombe chake cha uji, akasimama mlangoni, akaona matope uani. Akanigeukia, akaniuliza, "Kwani ilinyesha?"

Nilirudi kwenye cherehani nikalia mpaka wateja wakanikuta.

Kile kiondo cha mlangoni siku hizi anabebea vitunguu. Mwenyewe ndiye yule pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Haya makofi, sasa mpigieni yeye.