Nyumba Waliyomjengea Mume Wangu

Mama zangu, baba zangu, nashukuru kupewa nafasi kwa mkutano huu wetu wa wenye wagonjwa wa saratani. Mwenyekiti ameniambia niwe mfupi. Mnanijua, nitajaribu.

Mzee wangu alipata saratani ya koo tukiwa hapa Kitale kwa shamba letu la mahindi, miaka ile simu ya mkono ilikuwa na jirani mmoja tu. Akapelekwa Nairobi, akachomwa na mionzi shingoni mpaka ngozi ikawa nyeusi. Alirudi mifupa mitupu. Baada ya miezi akaanza kunenepa. Ndugu zangu, nawaambia, tulishangilia. Kwetu mtu akinona si amepona? Kanisani tukatoa shukrani, tukachinja kuku.

Lakini yule mtu mnene hakuwa anakula. Hapo niliogopa. Alikaa juani saa sita mchana na koti zito, akitetemeka. Nikimuuliza kitu, namaliza kuchambua mboga ndipo anajibu. Mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo alilala msimu wa kupanda mpaka majirani wakamaliza mashamba yao.

Ndugu zake wakaja kutoka Bungoma, upande wa Chwele. Walimtazama, wakanywa chai, wakaenda. Siku chache baadaye jirani akaniletea simu. Shemeji yangu mkubwa aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba wameanza kumjengea ndugu yao nyumba.

Wale wa kwetu mmeshaelewa. Wengine niwaambie: mwanamume hazikwi kwa boma la babake kama hana nyumba pale. Maiti italala wapi? Mzee wangu alinunua shamba Kitale, kwa baba yake hakuwahi kujenga. Kwa hivyo walikuwa wanaijengea maiti, na mwenye maiti amekaa mbele yangu anaota jua.

Nilienda kuona. Miti ilikuwa imesimama, akina mama wanakanyaga udongo wa kukandika. Hakuna aliyekuwa na ubaya. Walinikaribisha, wakanipa ndizi, na huo wema ndio ulinimaliza nguvu.

Njiani nikirudi nikakumbuka daktari wa Nairobi. Siku ya mwisho alituambia kwamba mionzi ya shingo inaweza kulaza tezi iliyo mbele ya koo, na ikilala mtu husikia baridi, huvimba, huwa mzito. Alisema damu ipimwe. Sisi siku hiyo tulisikia neno moja tu, kwamba tumemaliza.

Nikampeleka mzee hospitali hapa Kitale. Daktari akasema pengine saratani imerudi, nijiandae.

"Daktari," nikamwambia, "nitajiandaa. Lakini kwanza mpime tezi. Sitoki hapa."

Alimwangalia mzee, aliyekuwa amesinzia kwa kiti. Akasema kipimo hicho hawana, damu itapelekwa Eldoret. Nikasema basi iende.

Tukangoja. Shemeji akapiga simu tena, ati nyumba imebaki mabati tu. Nawaambia ukweli, nilikuwa na hofu ya kifo. Kila asubuhi nilimgusa mkono kwanza kabla ya kumwita jina. Ulikuwa baridi, nikawa nasubiri avute pumzi.

Majibu yakaja: tezi ilikuwa imelala kabisa. Akapewa tembe, moja kila asubuhi kabla ya chai, maisha yake yote. Wiki zikapita bila kitu. Halafu siku moja nikakuta koti limetundikwa kwa msumari na mwenye koti hayuko. Nilipiga nduru. Nikamkuta katikati ya mahindi na jembe, anapumzika, anapalilia, anapumzika.

"Nani alipalilia hii laini ya mahindi vibaya hivi?" akaniuliza.

Ni mimi. Nililia hapo hapo, nikacheka.

Nashukuru yule daktari wa hapa Kitale kwa kukubali kusumbuliwa. Nashukuru jirani wa simu. Shemeji zangu pia nawashukuru, bana, nyumba ni nzuri. Mzee aliipaka chokaa mwenyewe, na tukienda Bungoma tunalala humo, ingawa mimi mlango huo bado naupita upesi.

Wewe ambaye wako amechomwa shingoni, usingoje avimbe. Uliza tezi. Ukiambiwa ni uchovu, uliza tena. Mimi karibu nimzike mtu aliyekosa tembe tu.

Na asubuhi bado namgusa mkono kwanza. Leo ulikuwa na joto.